Mashine ya kukunjia kingo za bati: fundi wa Lindi anunue ipi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi bati, naishi Lindi mjini, na msimu wa korosho ukianza napata kazi nyingi za kupaua Ruangwa na Nachingwea. Kofia za mgongo wa paa, vali za mabonde ya paa na fleshingi za kuziba paa linapokutana na ukuta, zote naagiza Dar es Salaam zikiwa zimeshakunjwa. Zinafika zimebonyea, nyingine pembe yake hailingani na mwinuko wa paa, na kipimo kimoja kikikosewa kazi inasimama mpaka mzigo mwingine uje. Sasa nimejikusanyia fedha kidogo ya kununua mashine yangu. Mmoja ananiambia nichukue ya mkono, mwingine anasema presi ya hidroliki ndiyo mashine, na wa tatu anataka tuchange tununue ile inayotoa bati moja kwa moja kwenye koili, yaani bati lililoviringishwa. Nichukue ipi? Na nitengenezewe huku huku au niagize?"

Marahaba mdogo wangu. Nunua ya mkono: mashine ya bawa, yenye urefu wa kukunja wa mita 2.5, iliyoundwa kuhimili chuma laini cha milimita 1. Presi iache. Ya koili iache pia kwa sasa, hata kama mwenzako ameshapiga hesabu ya faida. Na kabla hujatoa hata shilingi ya mashine, tengenezesha kifaa kidogo cha mkono cha kukunja ncha za bati likiwa juu ya paa. Mafundi wengi ninaowajua hawana kifaa hicho, na ndicho kitakachokupunguzia simu za "fundi, panavuja" kuliko mashine yenyewe. Nitakifikia.

Nianze na ukingo wenyewe, maana mashine inachaguliwa kwa kazi itakayofanya. Bati jipya halivuji katikati. Ukiondoa matundu ya misumari na skrubu, maji hupita kwenye kofia, kwenye vali, pale paa linapokutana na ukuta, na pale bati linapoishia kwenye gata, mfereji wa kukusanya maji ya paa. Hizi nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ambazo kila mwenye fedha ya korosho anazitaka, zimezidisha tatizo: paa limelala, ukuta umelizunguka pande zote, na kila upande unahitaji fleshingi iliyokunjwa sawasawa. Zamani fundi wa Nachingwea angeweza kupaua nyumba ya migongo miwili na kofia nne tu. Leo nyumba ile ile inaweza kula mita arobaini za chuma kilichokunjwa.

Ukingo uliokatwa ukaachwa hivyo hivyo una shida tatu. Ya kwanza ni kwamba hauna nguvu. Bati la milimita 0.4 likiachwa bila pindo, yaani ukingo uliokunjwa, linapepea kama karatasi, upepo unaingia chini yake, skrubu zinalegea, na siku moja kofia nzima inang'oka. Sisi wa pwani hii tunajua upepo. Wazee wa Lindi wanasimulia kimbunga cha mwaka 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya alifika kwenye pwani yetu wenyewe. Lakini huhitaji kimbunga. Upepo wa kawaida wa baharini, ukipiga kila siku kwenye ukingo usio na pindo, unatosha kuuchosha.

Ya pili ni kutu. Mahali bati lilipokatwa, chuma kiko wazi. Bati la zinki hujilinda hapo kwa muda: zinki iliyo pembeni huliwa badala ya chuma. Bati la alu-zinki, ambalo tabaka lake lina aluminiamu asilimia 55 na zinki kama asilimia 43, linadumu vizuri zaidi usoni, lakini kwenye ukingo ule uliokatwa ulinzi wake ni mdogo kuliko wa zinki tupu, na chumvi inalijua hilo. Utaona rangi inaanza kuvimba kutoka kwenye ukingo kuelekea ndani, kidogo kidogo. Ukiwa Mikindani au pale Lindi karibu na maji, angalia hasa chini ya mapaa, sehemu ambazo mvua haioshi. Chumvi inayokaa bila kuoshwa ni mbaya kuliko ile ya juu inayosafishwa kila mvua inaponyesha. Ndiyo sababu kampuni nyingi za bati huweka sharti la umbali kutoka baharini kwenye waranti zao. Muulize muuzaji kabla ya kununua, usisubiri bati lichakae.

Ya tatu ni maji yenyewe. Maji hayadondoki kwenye ukingo wa bati usiokunjwa kama unavyotaka. Paa likiwa limelala, yanageuka na kutambaa upande wa chini, yanaifuata papi, ile mbao inayobeba bati, yanaingia kwenye dari. Ukingo ukikunjwa kuelekea chini, maji yanakosa njia ya kurudi, yanaanguka.

Sasa bati lenyewe. Hapa ndipo watu wanapoharibu fedha, kwa hiyo nivumilie.

Geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, geji 26 ni milimita 0.457, geji 28 ni 0.376, geji 30 ni 0.315 na geji 32 ni 0.274. Kwa kipimo cha Wamarekani cha bati la zinki, geji 28 hiyo hiyo inakaribia 0.475. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni geji 28", bado hajakwambia unene. Nunua mikromita. Pima pembeni, pima katikati, andika kwa milimita. Kwa kofia na vali usishuke chini ya 0.4, na ukiwa jirani na bahari tafuta 0.5.

Jambo la pili ni ugumu, na hili halionekani kwa macho. Bati la kuezekea lenye migongo mara nyingi hutengenezwa kwa chuma kigumu sana, kile ambacho viwanda hukiita G550, maana yake kinaanza kukubali kupinda kwa kudumu kwenye mkazo wa megapaskali 550. Ugumu huo ndio unaoruhusu bati liwe jembamba na bado mtu apite juu yake. Lakini chuma hicho ukikikunja ukakilaza kabisa, kinapasuka kwenye mgongo wa pindo. Chuma cha kofia na fleshingi kinapaswa kuwa laini zaidi, G300 au chini yake. Fundi anayechukua kipande cha bati la paa, akalinyoosha migongo kwa nyundo ya mpira, halafu akataka kulikunja liwe kofia, anajitafutia ufa. Utauona vizuri ukimulika tochi kwa ubavu: mstari mwembamba mweupe juu ya kunjo, rangi imechanika, na chini yake tabaka la alu-zinki nalo lina nyufa ndogo ndogo. Mwaka wa kwanza hakuna kitu. Baadaye mstari ule ule unageuka kahawia kutoka mwanzo wa kofia hadi mwisho.

Jaribio lake ni rahisi, na ulifanye kwenye duka kabla ya kununua shehena. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili. Ukunje kwa koleo mpaka ulale, uubane, kisha uutazame mgongo. Kama umepasuka, hilo si bati la kukunja. Kama rangi imechanika lakini chuma ni kizima, unaweza kulikunja ila usililaze kabisa, acha uwazi.

Sasa mashine. Yule anayekusifia presi ya hidroliki anasifia mashine nzuri kwa kazi nyingine. Presi inasukuma kisu kwenye mfereji wenye umbo la V, na chuma kinapinda katikati. Ni mashine ya chuma nene: mabomba ya mraba, miguu ya matangi, bodi za matrela. Bati la milimita 0.5 kwenye V ya milimita 6 linahitaji nguvu ya kama tani 3 tu kwa kila mita. Mita 2.5 ni tani 7 au 8. Ukinunua presi ya tani 40 umelipia nguvu usiyoihitaji, na juu ya hapo, mabega ya ile V yanasugua rangi ya bati kila unapokunja. Utaacha mistari miwili inayong'aa kwenye kila kofia ya rangi, mteja ataiona akiwa chini, na chumvi nayo itaiona. Ipo namna ya kuweka mpira au plastiki juu ya V ili isikwaruze. Lakini kwa nini ununue tatizo pamoja na dawa yake?

Ya koili ni nzuri mno, ila si ya mtu mmoja mwenye msimu mmoja. Bati linapita katikati ya jozi nyingi za rola, kila jozi inapinda kidogo, mpaka umbo linakamilika mwishoni. Kila umbo lina rola zake. Mashine ya migongo mipana haitoi kofia, na ya kofia haitoi gata. Inataka umeme wa fezi tatu, inataka koili za tani kadhaa na kitu cha kuzinyanyulia, inataka sakafu iliyosawazishwa, na zaidi ya yote inataka oda zisizokatika. Huku kwetu fedha za korosho zinatoka minada ikianza Oktoba, watu wote wanapaua kwa pamoja kabla mvua ya Desemba na Januari haijachanganya, halafu miezi mingi shughuli inapungua. Mkopo wa mashine hauendi likizo. Mkishakuwa na soko la mikoa miwili mtalirudia jambo hili, na wakati huo mtakuwa mmejua ni umbo gani wateja wanalitaka kweli.

Mashine ya bawa haitaki umeme. Ina taya mbili ndefu zinazolibana bati, na mbele yake kuna bawa lililofungwa kwa bawaba kwenye ncha zote mbili. Unalisukuma bati ndani mpaka alama yako ikae kwenye mdomo wa taya la juu, unabana, unanyanyua bawa, bati linapinda. Hakuna kinachosugua rangi, bawa linalibeba bati tu. Ukisimama mwenyewe unakunja kipande cha mita moja. Kwa mita 2.5 mnahitaji watu wawili, mmoja kila upande, mnyanyue kwa mwendo mmoja. Mkipishana, kofia inakuwa na msokoto ambao hautaonekana mpaka uilaze juu ya paa.

Kuna aina ambayo taya la juu limekatwa vipande vipande, vinaitwa vidole, unaweza kuviondoa baadhi. Hiyo ni ya kutengeneza masanduku na trei. Kwa kofia na vali utabaki na alama ndogo pale vidole vinapokutana. Kama una fedha ya mashine moja tu, chukua yenye taya nzima.

Kwa nini mita 2.5? Kwa sababu bati pleni, yaani bapa lisilo na migongo, linalouzwa madukani ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440. Mashine ya mita 2 itakulazimisha ukate milimita 440 kila bati. Tazama paa lenye mgongo wa mita 10, kila kiungo kikipandana kwa milimita 150: kwa vipande vya mita 2 utahitaji sita, kwa vya mita 2.44 utahitaji vitano, kwa vya mita 3 vinne. Mita 3 ingekuwa bora kama unanunua bati la kukatwa kwenye koili. Lakini mashine ya mita 3 ya bei ndogo mara nyingi inapinda katikati, na hilo ni kosa kubwa kuliko kiungo kimoja cha ziada.

Twende kwenye kofia moja, uone inavyotoka. Bati la 1220 unaligawa mara tatu, kila ukanda milimita 406. Pindo milimita 12 kila upande, na kila mbavu ya kofia milimita 191: 12, 191, 191, 12, jumla 406. Hakuna kinachotupwa. Wengine wanagawa mara nne ili wapate kanda za 305, wakiita kubana matumizi. Kwa nyumba ya bara yenye paa la kusimama inaweza kwenda. Kwa Lindi mjini, ambapo mvua inakuja na upepo wa ubavuni, kila upande unabaki na kama milimita 140 tu za kufunika, na maji yanasukumwa chini yake. Mimi simkunjii mtu kofia ya 305 karibu na bahari.

Kuchora usitumie penseli. Ile nyeusi yake ni kaboni, na kaboni ikikaa juu ya alu-zinki kwenye unyevu inaanza kulila tabaka, mstari wa penseli unageuka mstari wa kutu. Tumia kalamu ya wino wa rangi au chaki. Kukata usitumie grainda. Joto lake linaunguza tabaka la ukingo, na cheche zake ni chembe za chuma kilichoungua zinazojibandika kwenye rangi. Mvua ya kwanza zinakuwa madoa ya kahawia kwenye bati zima. Mkasi wa bati, wa kulia na wa kushoto, au mkasi wa mezani ukiupata.

Mapindo yanatangulia. Hii ndiyo kanuni wanayoisahau wanaoanza: kunjo dogo la pembeni kwanza, kunjo kubwa la katikati mwisho. Ukianza na la katikati, kofia itagonga fremu ya mashine na pindo halitafikika. Ingiza milimita 12 upande wa nje, nyanyua bawa mpaka liishie kwenye digrii 135 hivi au zaidi kama mashine yako inafika. Toa bati, liweke lile pindo lililosimama nusu chini ya mdomo wa taya la juu, bana polepole, pindo linalala. Acha nafasi ya unene wa bati moja au mawili ndani yake, usilipondeponde. Kwa kulaza kabisa unapasua rangi kwa nje, na kwa ndani unaacha mwanya mwembamba mno unaonyonya maji ya chumvi na kutoyaachia. Pindo lililoachwa wazi kidogo, likitazama chini, linakauka.

Kisha kunjo la katikati, na hapa jibu la lile lalamiko lako la pembe zisizolingana. Kiasi cha kukunja ni mwinuko wa paa mara mbili. Paa la digrii 15 kila upande linataka kofia iliyokunjwa digrii 30. La digrii 20 linataka 40. Wanaokukunjia mbali hawajui mwinuko wa paa lako, wanakunja kipimo kimoja kwa wote. Wewe pima pale pale. Na kumbuka bati linarudi nyuma ukiliachia. Chuma laini kitarudi digrii mbili tatu, kigumu kitarudi zaidi. Kunja kipande cha majaribio, pima, ongeza kinachopungua, kisha weka kizuizi cha bawa hapo na utoe kofia zote za nyumba hiyo bila kukigusa tena.

Kuna marekebisho moja ya mashine ambayo muuzaji hatakuonyesha. Kati ya mdomo wa taya la juu na bawa likiwa limesimama kuna nafasi, na nafasi hiyo inapaswa kulingana na unene wa bati. Ikiwa ndogo mno, bati linabanwa na kuchanika kwenye kunjo. Ikiwa kubwa mno, kunjo linakuwa la duara na vipimo vyako vinahama. Kila ukibadilisha unene, rekebisha. Na mapindo ya rangi yape nafasi kidogo zaidi.

Sasa kile kifaa kidogo. Kwenye bati la migongo mipana, sehemu bapa kati ya mgongo na mgongo ndiyo njia ya maji. Kule juu, chini ya kofia, ncha ya njia hiyo inapaswa kunyanyuliwa ili upepo ukisukuma maji kurudi juu yakutane na ukuta mdogo. Kule chini, kwenye gata, ncha ile ile ikunjwe kushuka ili maji yadondoke ndani ya gata na yasirudi kwenye mbao. Kwa paa la kusimama sana unaweza kuacha. Kwa paa lililolala, hasa hizi nyumba za kuficha paa, bila hivyo kofia yako nzuri haisaidii.

Kifaa ni kipande cha chuma bapa cha milimita 5 au 6, upana wake ukipungua kidogo kuliko sehemu bapa ya bati lako, kimechomelewa mpini wa bomba wa kama sentimita 40. Kwenye ukingo wake kuna mfereji wa kina cha milimita 20, upana wake unatosha bati kuingia bila kulazimisha. Ingiza ncha ya bati mpaka mwisho wa mfereji, inua mpini taratibu. Usifike digrii 90, ishia kama 80, kwa sababu pembeni, pale bapa inapokutana na mgongo, ndipo chuma kinavutwa pande mbili na kuchanika. Ukisikia mlio mdogo wa "tik", umekwenda mbali. Kingo za mfereji zichongwe kwa tupa ziwe za mviringo, zisikate rangi. Fundi yeyote wa kuchomelea atakutengenezea kwa siku moja, mpelekee kipande cha bati unalotumia apimie. Na ncha za juu zinyanyue kabla hujafunga kofia. Hili linaonekana la wazi, lakini nimepanda mapaa mengi ambapo kofia ilishapigwa skrubu ndipo mtu akakumbuka.

Kuhusu kutengenezewa huku: inawezekana, ila kwa sharti. Mashine ya bawa kwa macho ni vyuma vya pembe viwili na bawaba, kwa hiyo kila mwenye mashine ya kuchomelea anaona anaiweza. Kinachoshinda ni joto. Chuma kirefu kikichomelewa upande mmoja kinavutwa na kupinda, na mdomo wa taya ukiwa na tumbo la milimita moja katikati, kila kofia itatoka na tumbo hilo. Mdomo lazima uchongwe kwenye mashine baada ya kuchomelea, wala si kabla. Ulizia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Lindi na Mtwara, na ulizia walimu wa karakana za vyuo vya ufundi vya VETA, wao wanajua nani ana mashine ya kuchongea yenye urefu wa kutosha na nani anasema tu.

Iwe ya kutengenezwa au iliyotumika ya kutoka Dar es Salaam, usilipe kabla ya kuijaribu kwa bati lako mwenyewe. Chukua vipande vitatu vya karatasi, weka kimoja kila mwisho wa taya na kimoja katikati, bana, kisha uvivute kimoja kimoja. Vyote vitatu vinapaswa kukataa kutoka kwa nguvu sawa. Cha katikati kikitoka kirahisi, taya limepinda. Halafu kunja ukanda wa urefu mzima kwa digrii 90, pima pembe mwanzo, katikati na mwisho. Katikati ikiwa wazi zaidi kwa digrii moja, kwa mashine zenye fimbo za mvutano mgongoni unaweza kuzikaza na ikanyooka. Ikiwa wazi kwa tatu au nne, na hakuna fimbo hizo, iache hapo ilipo. Tikisa bawa kwenye bawaba zake kwa mikono miwili. Likicheza, kunjo halitakuwa na mstari mmoja. Soma pia kibao cha uwezo: unene ulioandikwa ni wa chuma laini. Kwa bati gumu uwezo huo unashuka sana, ndiyo maana nimekwambia uchukue ya milimita 1 ingawa utakunja 0.4 na 0.5.

Mambo mawili ya site. Kofia na fleshingi za alu-zinki zisikae moja kwa moja juu ya mbao zilizotiwa dawa ya kijani zikiwa bado mbichi, dawa hiyo ina shaba na shaba inalila tabaka. Acha mbao zikauke, na upake rangi ya mafuta au uweke karatasi ya lami katikati. Na fleshingi ya ukutani isizikwe kwenye saruji mbichi bila kupakwa kitu cha kuikinga, maana saruji yenye maji inaishambulia aluminiamu. Kata mfereji kwenye plasta iliyokauka, ingiza ukingo uliokunjwa, jaza silikoni isiyo na harufu ya siki, kwa sababu ile ya siki nayo ni asidi.

Mashine ikifika, ifunge kwenye sakafu ya zege kwa bolti nne, ndani, mbali na upepo wa bahari. Mdomo wa taya upake mafuta membamba kila jioni na uyafute asubuhi kabla bati la rangi halijaingia. Bawaba zipewe grisi. Yule msaidizi wako anayesimama upande wa pili avae glovu anapobeba bati, lakini akisogea kwenye taya azivue au zimbane vizuri mkononi, na asiweke kidole mbele ya bawa mpaka mmekubaliana kwa sauti nani anabana. Anza na kofia za nyumba moja ya jirani hapo Lindi mjini, ambayo utaipita na kuitazama kila wiki mvua zikianza, kabla hujapeleka kazi Ruangwa.